Uzi Mweupe kwenye Mkanda

Cuthbert Telfer alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, na kwao bondeni Coquet, kaskazini mwa Uingereza, hilo halikuhesabiwa kasoro. Mtu anayelima liki za mashindano, vile vitunguu virefu vyenye shina nene jeupe, asiposhuku jirani zake ataamka asubuhi moja akute zimekatwakatwa kwa kisu, na vuli hiyo atabaki mtazamaji wa liki za wenzake. Kwa hiyo Cuddy, ndivyo walivyomwita wote, alikuwa na desturi ya kufunga unywele wa mkia wa farasi kwenye mlango wa bustani kila anapotoka, na akirudi anauangalia kwanza kabla ya kuvua kofia. Unywele ukiwa mzima, anaingia kunywa chai. Ukiwa umekatika, mbwa wa jirani ndiye mshukiwa wa kwanza, na jirani mwenyewe wa pili.

Lakini kwamba siku moja angekuja kufunga unywele ndani ya nyumba yake mwenyewe, kumtegea mke wake, hilo hata yeye hakulitazamia.

Ilianza na mafuta. Kila mwaka, kabla ya maonyesho ya kondoo ya vuli, Cuddy alitoa zumari yake sandukuni akaipaka ngozi mafuta. Zumari za huko hazipulizwi kwa mdomo. Mpigaji huketi, akafunga mivukuto midogo kiunoni kwa mkanda, akaibana kwa kiwiko cha kulia, na hewa ikapita kwenye bomba fupi la mti lililolala mbele ya tumbo mpaka kwenye mfuko wa ngozi uliobanwa kwapa la kushoto. Mdomo unabaki huru, na Cuddy alipenda kusema ndiyo maana wapiga zumari wa Northumberland ni waongo kuliko wote duniani: wanapata nafasi ya kusema hata wakiwa kazini.

Basi alikuwa akipitisha kitambaa chenye mafuta kwenye mkanda, polepole, huku mvua ikinyesha nje, kidole chake kikagota. Karibu na bizimu, pale ngozi inapokunjwa na kushonwa, palikuwa na uzi mweupe. Uzi aliouzoea ulikuwa mweusi. Akasogea dirishani. Muhuri wa Ralph Dagg, fundi aliyemtengenezea, herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto, siku zote ulikaa wazi, upana wa kidole gumba kutoka kwenye bizimu. Sasa haukuonekana. Akafunua mkunjo kwa ukucha, akaona mkia wa herufi umejificha ndani. Kuna mtu aliyefumua bizimu, akapunguza mkanda, akaushona upya.

Na mkanda haupunguzwi bure. Hupunguzwa ili umkae mtu mwembamba.

Cuddy alirudisha zumari sandukuni, akafunga, akaenda jikoni. Edie, mkewe, alikuwa akikoroga supu ya shayiri. Akamuuliza kwa sauti ya kujitia hamnazo kama kuna mtu ameigusa zumari.

"Nimeipangusa vumbi," Edie akasema, na hakugeuka.

Huyo alikuwa mwanamke ambaye tangu ujana wake akikujibu anakutazama usoni, hata kama jibu lenyewe ni tusi. Cuddy alikula supu yake bila kuisikia ladha, na roho yake ikaanza kuingia mchanga.

Mkanda huo haukuwa mkanda tu. Cuddy alizaliwa kwenye nyumba ya mwisho ya bonde, mahali ambapo ukipanda kilima unaanguka Uskoti, mtoto wa mchunga kondoo, naye akawa mchunga kondoo. Tangu akiwa kijana alikuwa na mwili wa kutazamwa. Alibeba kondoo jike kila kwapa kuvuka mto uliofurika. Kwenye maonyesho alishindana mieleka, na walioweza kumwangusha wote walitoka Cumberland, mkoa jirani wa mabingwa wa mieleka, jambo ambalo kwao lilihesabiwa sawa na kuangushwa na hali ya hewa. Alipooa, tumbo nalo likaja, na wala hakulionea haya. Aliliita shamba lake la pekee asilolipia kodi.

Edie alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke mdogo mwenye vidole vyepesi. Wiki ya kwanza ya ndoa alijaribu kumkumbatia mumewe kiunoni, akashindwa kuzikutanisha ncha za vidole mgongoni, akasema ameolewa na ng'ombe. Cuddy aliisimulia habari hiyo mpaka kwenye misiba.

Na alipokwenda kwa Ralph Dagg kuagiza zumari, Edie alifuatana naye. Ralph hakuandika vipimo popote. Alipima kwa kamba na mafundo. Alimkalisha Cuddy kwenye kiti kama atakavyokaa kupiga, akamwambia apumue ndani, apumue nje, ainue kiwiko, akishushe. Lakini kwanza alimuuliza kama amekula, maana, alisema, mwenye njaa hapigi zumari, anatafuta chakula, na mkanda uliopimwa kwa mtu mwenye njaa utamnyonga siku ya harusi. Fundo la kwanza lilikuwa la kuzunguka kiuno. La pili lilikuwa la kutoka nyonga ya kulia hadi kwapa la kushoto, ndio urefu wa bomba la mti. La tatu la kutoka kwapa hadi vidole vinapotulia kwenye matundu ya zumari. Kuzunguka kiuno mikono ya Ralph haikufika, ikabidi Edie ashike ncha moja ya kamba azunguke nayo nyuma kwa miguu, huku akicheka. Ngozi ya mkanda ilitoka kwenye lijamu za farasi wa mkokoteni, kwa kuwa mikanda ya kawaida haikutosha. Kamba yenyewe Ralph aliitundika msumarini pamoja na kamba za wapigaji wengine wa mabonde yale, na ya Cuddy ndiyo iliyogusa sakafu.

Kwa hiyo mtu aliyeukata mkanda ule alimkata Cuddy mwenyewe. Na Cuddy hakuwa na haja ya kufikiri sana ni nani. Alikuwa ameunusa. Chini ya harufu ya mafuta kulikuwa na harufu ya nta, ile nta ya mafundi viatu, na fundi viatu kijijini alikuwa mmoja tu.

Adam Storey alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kiuno ambacho ungekizungusha kamba ya kiatu. Naye alipiga zumari, lakini yake ilikuwa na kikohozi, na kila Cuddy alipomaliza kupiga, Adam alisema kwa kijicho kisichofichika kwamba sauti ile ni asali. Hajaoa. Na majira yote ya baridi kabla Cuddy hajashuka kutoka milimani kumposa Edie, aliyekuwa akicheza naye dansi kila Jumamosi ni Adam Storey. Miaka ilipita, wakazeeka wote, na Cuddy aliamini kabisa amesahau habari ile. Kumbe alikuwa ameiweka tu mahali pakavu.

Wivu ukishapata uzi haukosi nguo ya kushona. Mambo ambayo Cuddy aliyapita bila kuyajali sasa yakaanza kujipanga yenyewe. Kwa nini kwa majuma sasa bomba la mti lilimsukumia mfuko nje ya kwapa, mpaka akawa anapiga akiwa amekaa upande kama mtu mwenye jipu? Bomba la Ralph halikuwahi kumsumbua. Bila shaka lilibadilishwa. Kwa nini alipoingia kilabuni kwa walima liki mazungumzo yalikatika, na watu wakamtazama kwa jicho lile la huruma, wakamsogezea kiti? Tangu lini mtu anasogezewa kiti bondeni Coquet? Kwa nini mwenye duka alimshika Edie mkono kwa upole alipompa unga? Wote walijua. Mume ndiye wa mwisho kujua, na kikulacho ki nguoni mwako.

Hata daktari alimrudia akilini. Masika ile tumbo lilimsumbua Cuddy, daktari wa wilaya akaja, akambonyeza hapa na pale, akamwachia dawa nyeupe ya chupa na kumwambia atafune vizuri. Kisha akasimama na Edie getini wakaongea mpaka chai ikapoa. Cuddy alidhani ni habari ya magoti ya Edie. Sasa alijiuliza kama mkewe hakuwa akimwomba daktari ushauri wa namna ya kuachana na mtu.

Nyumbani hakuona badiliko. Nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi na kungoja kitini kama kawaida, suruali ya Jumapili ilimkaa sawasawa, shati lilifunga shingoni. Cherehani ililia sana siku hizo, lakini cherehani ya Edie ililia siku zote. Kioo kilikuwa kimoja tu, cha kunyolea ndevu, kikubwa kama kisosi, na humo mtu huona shavu moja kwa wakati mmoja.

Basi akatega. Alichukua unywele wa farasi, akaufunga kwenye kifuniko cha sanduku la zumari, akamwambia Edie anakwenda kuzimwagilia liki na huenda akachelewa. Akaenda kweli, akakaa kwenye kiti chake bustanini, akizitazama liki zake nene bila kuziona. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake anazilinda liki huku akitaka mwizi awe mahali pengine.

Aliporudi, kabla hajafika kona, aliiona baiskeli. Ya Adam Storey, ile yenye kikapu cha viatu mbele, imeegemea ukuta wa nyumba yake mchana kweupe. Mtu aliyewahi kumkabili dume la kondoo bila fimbo alijibanza nyuma ya mti wa jirani akingoja mgeni wa mkewe aondoke. Adam akatoka. Edie alisimama mlangoni, macho mekundu, na Adam akamgusa bega, akapanda baiskeli akaenda zake. Cuddy alipoingia na kuliendea sanduku, unywele ulikuwa umekatika.

Edie alimwandalia njegere za kupondwa na kipande cha nyama ya nguruwe, akamhimiza amalize, kwa sauti ya kubembeleza asiyoizoea. Akasema hana njaa. Aliona uso wa mkewe ukianguka, na moyoni akafurahi, akidhani ni hatia ile.

Kesho yake kilabuni akamwaga yaliyokuwa moyoni. Walikuwa wamekusanyika kupanga siku ya kupima liki, na Adam alikuwepo pembeni na bilauri yake. Kukawa na mzaha kuhusu nani atapiga zumari usiku wa karamu ya liki. Cuddy akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba si lazima yeye, kwa kuwa wapo waliozoea kujipima vitu vya watu, wenyewe wakiwa nje, na pengine wameshaona vinawakaa.

Adam aliiweka bilauri yake chini taratibu.

"Cuddy," akasema, "nenda nyumbani ukapumzike."

"Nipumzike ili wewe upate nafasi?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Adam alichukua kofia yake akatoka bila kujibu. Kwa Cuddy, mtu asiyejibu amekiri.

Ilibaki ushahidi. Asubuhi iliyofuata alilibeba sanduku lake, akapanda basi kuvuka kilima kwenda kwa Ralph Dagg. Alitaka Ralph aseme kwa kinywa chake kwamba zumari imechezewa, kisha yeye arudi aliweke sanduku mezani mbele ya Edie, amwambie achague. Alikuwa ameshaipanga sentensi yenyewe. Aliirudia njia nzima, na kila aliporudia ilizidi kumtia hofu, kwa sababu hakujua atafanya nini kama Edie atachagua kweli.

Ralph alikuwa mzee sasa, lakini mikono yake bado ilikuwa kazini. Kila mara Cuddy alipofika, Ralph alimpokea kwa utani uleule, kwamba ngoja abomoe fremu ya mlango. Safari hii alifungua, akamtazama kutoka kofia mpaka viatu, akasema tu, "Karibu, ndugu yangu. Kaa." Cuddy akajua kuwa habari imefika hadi huku.

"Nani alikuletea zumari yangu, Ralph?"

"Hakuna aliyeniletea."

"Usinifiche bwana. Mkanda umekatwa, bomba limebadilishwa. Mkanda wa mtu mwembamba, bomba la mtu mnene kuliko mimi. Adam Storey kanichanganyia vya watu wawili humo."

Ralph alifungua sanduku bila kubishana. Alilichomoa bomba, akalipeleka kwenye mwanga, akamwonyesha jicho dogo la mti, alama ya tawi, karibu na ncha. Akasema jicho lile alilizunguka yeye mwenyewe kwa patasi na kulilaani, na bomba lile halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Kisha akauchukua mkanda. Aliukunjua pale kwenye bizimu, akavaa miwani, akaufuata mshono kwa kidole.

"Huyu si fundi viatu," akasema. "Nta ni yao, ndiyo. Lakini fundi viatu hushona kwa sindano mbili, moja huku, moja kule, uzi unalingana pande zote. Huu umeshonwa kwa sindano moja. Inakwenda mbele, inarudi nyuma. Huu mshono wa suruali, Cuddy. Tena tazama hivi vitundu vya zamani. Umefumuliwa na kushonwa zaidi ya mara moja. Kidogo kidogo."

Cuddy alitazama asielewe, au alielewa na akakataa.

"Vaa," Ralph akasema.

Cuddy akafunga mivukuto kiunoni. Bizimu likaingia tundu la tatu, lile lililolegea kwa kuzoea, kama lilivyoingia miaka yote.

"Unakubana?"

"Haunibani."

"Sasa kama Adam aliukata umtoshe yeye, wewe umeufungaje?"

Swali lilikuwa jepesi, la mtoto. Lilikaa mbele ya Cuddy majuma yote hayo na hakuliona, kwa kuwa alikuwa akitazama mlango kusubiri mwizi.

Ralph alikwenda ukutani, akaitoa kamba ndefu kuliko zote msumarini, akaipulizia vumbi. Aliizungusha kiunoni mwa Cuddy peke yake, bila kuhitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Fundo la kwanza, ambalo siku ile lilikutana na mwanzo wa kamba juu ya kitovu, lilipita kitovu, likaendelea, likaja kukomea nyuma ya nyonga. Cuddy aliinamisha kichwa aone, na macho yake yakatua kwenye kiuno cha suruali yake ya Jumapili. Aliugeuza ukingo wake nje. Uzi ulikwenda mbele, ukarudi nyuma, na chini yake vilikuwepo vitundu vya mshono wa zamani, na vya ule wa zamani zaidi.

Aibu ndiyo iliyotangulia. Alikumbuka maneno yake kilabuni, akatamani ardhi ipasuke. Kisha aibu ikaondoka na pakaja hofu tupu, kwa sababu mwili kama wake haupungui hivyo bila kuwa na mahali unakokwenda. Aliogopa kufa. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata usiku mmoja alipofukiwa na theluji milimani pamoja na kondoo.

"Daktari kasemaje?" Ralph akauliza.

"Mimi aliniambia nitafune vizuri. Mengine alimwambia Edie. Getini."

Walikaa. Ralph alichemsha chai, na hakuna aliyeinywa. Mwishowe Ralph akalishika lile bomba la mti akasema tatizo la kwapa linatibika. Kila kitu kingine kilipunguzwa kimfuate mwenyewe, bomba peke yake lilibaki la mwili wa zamani, maana hilo halishoneki. Akilikata upana wa vidole vichache, mfuko utarudi mahali pake na sauti itatulia. "Ila ujue," akasema, "ngozi naweza kuiongeza kipande siku yoyote. Mti nikiukata, haurudi."

Cuddy aliifikiria njia nyingine. Angeweza kulichukua bomba kama lilivyo, arudi nyumbani, apige akiwa amekaa upande, na Edie aendelee kufumua na kushona, na wote wawili waishi kama wasiojua. Lilikuwa jambo la heshima pia, kwa namna yake. Lakini angekuwa anamwacha mkewe na siri hiyo peke yake, na siri yenyewe ni yake yeye.

"Kata," akasema.

Ralph akakata. Kisha akaichukua kamba ya zamani, akafunga fundo jipya kabla ya lile la kwanza, akairudisha msumarini. Bado iligusa sakafu.

Cuddy aliposhuka basi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliingia kwa Adam Storey. Adam alikuwa amepakata kiatu, na hakuinua kichwa.

"Nataka uzi wa nta," Cuddy akasema. "Mweusi."

Nyundo ikasimama hewani. Adam alimtazama, akalitazama sanduku, akaelewa.

"Ule mweupe nilimwambia utaonekana," akasema. "Mweusi ulikuwa umeniisha. Akaniambia hawezi kungoja, unakaribia kupaka mafuta. Juzi alipotaka kupunguza tena, hakuweza hata kuitoboa ngozi kwa sindano yake. Nilimpelekea nyingine. Nikamwambia acha nishone mimi, akakataa."

"Adam, yale niliyosema kilabuni..."

"Uliyasema."

"Nilikuwa mjinga."

"Siku zote ulikuwa mjinga mkubwa," Adam akasema, akavuta mtoto wa meza, akatoa kibunda cha uzi mweusi. "Sasa hivi ni mjinga wa kadiri. Chukua. Na usiku wa karamu utapiga wewe, maana mimi na zumari yangu yenye kikohozi tutaichachusha supu ya watu."

Cuddy alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine katikati, ikabidi ageukie dirisha kidogo. Adam aliendelea kugonga kiatu mpaka mwenzake alipokuwa tayari kutoka.

Edie alikuwa jikoni. Alimwona na sanduku, akauliza alikuwa wapi na zumari siku nzima, sauti yake nyepesi kupita kiasi. Cuddy alitoa bomba la mti akaliweka mezani, ncha yake mpya bado nyeupe kwa msumeno. Kando yake akaweka kibunda cha uzi.

"Ukifupisha tena, tumia huu," akasema. "Mweupe unaonekana."

Edie alivuta kiti akakaa. Alilishika bomba, akapitisha kidole pale lilipokatwa, mara kadhaa. Hakulia, maana alikwisha kulia kwa siku nyingi bila mumewe kujua.

"Daktari alinikataza kukuambia," akasema. "Alisema mtu akijua ugonjwa wake huanguka upesi. Na wewe ulikuwa unaupenda mno huo mwili wako, mzee wangu. Nikasema angalau mkanda usimwambie."

"Nilidhani ni Adam."

"Adam nini?"

Akamweleza yote, unywele wa farasi, mti wa jirani, maneno ya kilabuni. Edie alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukibadilika rangi, na Cuddy akajiandaa kwa tusi, akitamani hata lije.

"Na wivu wako huo," Edie akasema, "huo kweli haujapungua hata kidogo." Akainuka, akafuta mikono kwenye aproni, akachukua utepe wake wa kupimia uliokuwa ukining'inia kwenye cherehani. "Simama. Nimechoka kukupima usingizini. Inua mkono. Usilikaze tumbo, pumua kama kawaida."

Cuddy alisimama katikati ya jiko akainua kiwiko, kama siku ile kwa Ralph. Edie alimsogelea, akapitisha utepe nyuma yake kwa mkono wa kulia ili aupokee kwa wa kushoto. Vidole vyake vikakutana mgongoni. Wote wawili waliikumbuka wiki ya kwanza ya ndoa. Utepe ukaanguka sakafuni. Edie hakuuokota, wala hakuiachanisha mikono yake.